Mwaka Nilipomtenga Baba Mkubwa Mezani

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama Mkubwa, binti yake Awino alinishika mkono akanipeleka sebuleni walikokaa wanawe watatu, kila mmoja na sahani yake na simu yake, mmoja kwenye kochi, mmoja mlangoni, mmoja amegeukia ukuta. "Dada, wewe umekuwa mwalimu maisha yako yote," akasema. "Hebu waambie hawa faida ya kula pamoja. Huko Migori hata sioni nyuso zao. Napika, wanapakua, wanaenda. Mimi nabaki kwa meza na chumvi." Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini, na somo hilo ningeweza kuliandika ubaoni bila kufungua daftari: mtoto anayekula na wazazi wake hujifunza kuongea, hujifunza kungoja zamu, hula mboga bila kupigiwa kelele, na mama hujua nani ana homa kabla homa haijapanda. Nikafungua mdomo. "Wanangu," nikasema, "kula pamoja ni jambo zuri." Machozi yakanikatiza hapo hapo. Yule mkubwa akaniuliza kwa upole, "Auntie, ni hiyo tu?" Wenzake wakacheka, si kwa ubaya. Awino akanipapasa mgongo akidhani ni machozi ya msiba, lakini yalikuwa ya aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko watoto hao wote.

Sitaeleza ukoo wetu wala nani alimzaa nani. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na nikapata kazi ya kufundisha bila cheti katika shule moja ndogo huko Suna, ng'ambo ya mji wa Migori. Baba Mkubwa, yaani kaka mkubwa wa baba yangu, alikuwa na nyumba huko, basi nikatumwa kwake na godoro na sanduku la bati. Niliingia Januari. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne vilivyofuatana, ukuta umepakwa kijani hadi kiunoni. Chumba cha mbele kilifunguka barabarani, nacho ndicho kilikuwa duka lake la ushonaji: cherehani ya kukanyaga, pasi ya makaa, na vipande vya kitambaa cha sare za shule vimetapakaa sakafuni. Chumba kilichofuata kilikuwa sebule, na humo palikuwa na meza moja ndefu ambayo mchana alikatia vitambaa. Jioni Mama Mkubwa aliifuta chaki na nyuzi, akatandika plastiki yenye picha za mananasi, ikawa meza ya chakula. Kulikuwa na omena, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa nyanya, ugali wa mtama na muhogo, na mboga za akeyo zilizolazwa kwenye maziwa hadi uchungu ukaisha. Walikuwa Wasabato, kwa hiyo chakula cha Jumamosi kilipikwa Ijumaa kabla jua halijatua, na majani ya chai hayakuvuka kizingiti, tulikunywa mchaichai. Mimi niliyelelewa Mkatoliki nilikuwa nikitoroka kwenda kunywa chai yangu kwenye kibanda cha jirani, kisha narudi nikitafuna jani la mpera ili nisinuke chai.

Sheria ya meza ile ilikuwa moja. Hakuna mkono uliogusa ugali kabla wote hawajaketi, na wote maana yake ni sisi watano: Baba Mkubwa, Mama Mkubwa, Awino aliyekuwa na miaka kumi na moja, kaka yake Ouma aliyekuwa na tisa, na mimi. Siku ambazo Mama Mkubwa alikuwa amekwenda Sori kununua omena wa kuuza sokoni, tulimngoja hata matumbo yakinguruma kama redio mbovu. Ugali ulikuwa mmoja, katikati, kila mtu akamega upande wake. Mtu wa ziwani akisikia hivyo atashangaa, kwa sababu huko kwetu, upande wa Homa Bay, mzee wa boma hakuketi kula na wake na watoto. Alipelekewa chakula duol, kibanda chake mwenyewe karibu na lango, akala na wanaume wenzake, na wanawake wakala jikoni. Baba Mkubwa aliiacha desturi hiyo alipooa. "Mimi kazi yangu ni kupima watu," alituambia. "Nikikaa na nyinyi hapa kila jioni najua nani ameongezeka na nani amepungua, na sihitaji hata futi." Kisha alianza hadithi za wateja wake. Kulikuwa na mchungaji aliyeagiza koti la sherehe, lakini kila alipokuja kulijaribu alikuwa ametembelea waumini wengi zaidi, tumbo limesonga mbele, na koti likafunguliwa mishono mara nne. Baba Mkubwa aliinuka akamwonyesha mchungaji huyo akijaribu kupumua ndani ya koti, na Ouma akaanguka chini ya meza kwa kicheko. Nami nilicheka. Niandike hilo pia, kwamba miezi mitatu ya kwanza nilikuwa na furaha mezani pale kuliko mahali popote nilipowahi kuketi.

Kilichokuja kuniharibu ni kijana mmoja. Shuleni kulikuwa na mwalimu aliyeitwa Marwa, Mkuria kutoka karibu na mpaka, mrefu, mwandiko wake ubaoni umenyooka. Mwezi wa Aprili alianza kuja kula nasi Jumamosi baada ya kanisa, na kwa ajili yake meza nzima ilihama kutoka Kijaluo ikaongea Kiswahili. Nilijua anakuja kwa ajili yangu. Nikaanza kuitazama nyumba yetu kwa macho niliyoyafikiria kuwa yake, na macho hayo yakatua kwa Baba Mkubwa. Alikuwa ameanza kula vibaya. Alimega tonge dogo la kumpa mtoto, akalitafuna hata sisi tukamaliza matatu, akalisukuma kwa maji, kisha akakohoa, akajigonga kifua kwa ngumi. Wakati mwingine aliinuka ghafla akatoka nje, nasi tukamsikia akitema. Aliomba apothi kila siku, mboga ile ya mrenda inayoteleza, hata Mama Mkubwa akamtania, "Umeoa Mluhya kwa siri, baba Awino? Mbona kila siku ni mrenda?" Wote walicheka, na yeye akacheka hadi akakohoa tena. Jumamosi moja tonge lilikataa kabisa kushuka, likarudi, akalipokea kwenye kitambaa mbele ya Marwa. Marwa aliangalia pembeni kwa adabu. Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

Hakuna mtu mwenye moyo safi ambaye angewaza nilichokiwaza usiku ule. Sikujiuliza mzee ana nini. Nilijiuliza atatolewaje mezani bila mtu kuniona mbaya, na asubuhi jibu lilikuwa tayari, limevaa nguo za heshima. Nilimkuta Mama Mkubwa akipepeta omena uani. Nikamwambia kwamba watu wa nyumbani wanasema, kwamba hata mgeni fulani aliyepita Krismasi alicheka kuona mzee mzima akigombania mboga na watoto. Hiyo ya mgeni niliitunga hapo hapo. "Kule kwetu mzee anapelekewa, Mama," nikasema. "Ananawishwa kwanza, anapakuliwa kwanza, anakula kwa utulivu. Hapa anakula kama mpangaji. Mwacha mila ni mtumwa."

Mama Mkubwa alisimamisha uteo. "Lakini ni yeye alitaka hivi. Tangu nije."

"Alikuwa kijana wakati huo. Sasa ni mzee. Nitampelekea mimi mwenyewe, kila siku. Hutachoka."

"Na sisi je, tutakaa tu bila yeye?"

"Ni kwa heshima yake, Mama."

Nani atabishana na neno heshima? Alirudi kupepeta omena wake, akasema polepole kwamba kama mzee mwenyewe atakubali, basi sawa. Mzee mwenyewe nilimweleza kwa sauti tamu, nikiwa nimeshapanga meza ndogo dukani, kando ya cherehani, nimetandika kitambaa, nimeweka jagi na beseni. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. "Nyathina," akasema, mwanangu, "kwani nimekosea?" Nikamjibu, "La, Baba, ni vile tunakuheshimu." Akakaa. Sijawahi kumwona mtu akikalia kiti kwa utiifu kama ule, na mara nyingi nikiwa darasani, mtoto akikaa haraka baada ya kukemewa, nimemkumbuka.

Jumamosi iliyofuata Marwa alikuja, akaingia kwa mlango wa uani, akanawa, akaketi, akaangalia mlangoni. "Mzee ako wapi leo?" Nikamweleza habari za mila, nikijikweza kidogo. Akatikisa kichwa, akala, akashukuru. Alikuja tena mara mbili, kila mara akamuulizia mzee, mara ya tatu akapitia dukani akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, wakaongea huko hadi chakula kikapoa. Baada ya hapo hakuja tena kula. Shuleni nilimuuliza kama kuna aliyemkosea. "Hapana," akasema. "Ni vile mimi baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Nilikuwa napenda tu kusikiza huyo mzee." Basi nilikuwa nimemfukuza mwenye mvuto kwa ajili ya mgeni aliyekuja kumsikiliza yeye. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani siku hiyo akaomba radhi. Mimi nilinuna wiki nzima, na meza ndogo ikabaki ilipo, kwa sababu kuiondoa kungekuwa kukiri.

Mwezi wa sita niliingia kuchukua vyombo mapema kuliko kawaida. Baba Mkubwa alikuwa amepiga magoti kando ya pipa la vipande, anafunga ugali wake kwenye kitambaa cha sare, buluu, kwa fundo zuri la fundi, na sahani ilikuwa imefutwa kwa kidole hadi ikang'aa. Alikuwa amekunywa mchuzi tu. Hakushtuka. Alinionyesha koo kwa kidole. "Hapa pamekuwa padogo," akasema. "Usimwambie mama yako. Atahangaika bure, atakuja kuacha biashara, na sare za watu hazijaisha. Itafunguka tu." Nikasema sawa, Baba. Niliondoka na sahani safi, na Mama Mkubwa alipoipokea akasema, "Ona, anakula vizuri akiwa peke yake. Ulisema kweli." Ningeweza kusema wakati ule. Nilinyamaza, na sababu ya kunyamaza haikuwa ahadi niliyompa mzee. Nilijua kwamba nikisema, atarudishwa mezani aangaliwe, na kikohozi chake kitarudi naye. Nilifurahi kuwa na siri iliyoniruhusu kuendelea. Hilo ndilo neno, nilifurahi, na nimelizunguka miaka yote hii nikitafuta lingine.

Watu huuliza, inakuwaje mtu akonde nyumbani mwake asionekane? Wanasahau alikuwa fundi nguo. Kila Jumapili dukani kukiwa kimya alivua suruali yake, akaipunguza kiuno, akaivaa tena. Shati lilipunguzwa mabega, koti likaingizwa pamba ndani. Nguo zake zilimkaa vizuri hadi mwisho. Mama Mkubwa alipomwambia amepungua uso, alisema ni sare, ni muhula, ni macho yake tu. Nasi tuliomwona tulimwona akipita, akiinama juu ya cherehani, akipokea jagi mlangoni. Hakuna aliyeketi mbele yake nusu saa, mkono kwa mkono juu ya ugali mmoja, kama zamani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakusema chochote juu ya anayemsaidia kuficha.

Desemba tulikwenda sote nyumbani, huku huku Homa Bay ambako nimeketi sasa nikiandika. Baba yangu alichinja mbuzi. Wanaume wa boma waliketi pamoja, sinia moja, na mimi nilikuwa nikiwanawisha mikono. Nilimwona baba yangu akimega, akila, akimtazama kaka yake. Hata robo ya ugali haikuwa imekwisha. Aliweka tonge chini. "Omera," akamwambia, ndugu yangu, "kwa nini humezi?" Baba Mkubwa akatabasamu, akasema nyama ni ngumu. "Hujashika nyama," baba akasema. "Umemega ugali mara mbili na matonge yote mawili umeyaweka kando ya goti. Humezi tangu lini?" Wanaume wote wakaacha kula. Baba yangu alikuwa ameona kwa mlo mmoja kile ambacho nyumba nzima ilikosa kukiona kwa miezi minane, na mimi nilikuwa nimesimama hapo na beseni mkononi.

Walimpeleka hospitali mjini. Nilikwenda nao, nimebeba blanketi na chupa ya uji. Daktari alikuwa mwanamke mpole, alimgusa mzee shingoni na juu ya tumbo, akamuuliza maswali kwa upole, na mzee akajibu kidogo kidogo kama kawaida yake. Kisha daktari akamgeukia Mama Mkubwa. "Mama, ameshindwa kumeza chakula kigumu tangu lini?"

"Labda wiki mbili, daktari. Nyumbani alikuwa anakula vizuri sana. Sahani zilikuwa zinarudi safi. Uliza huyu msichana wetu, ndiye alikuwa anampelekea kila siku."

Daktari akaniangalia na kalamu mkononi. "Ni kweli?"

Nikasema, "Ndiyo."

Baba Mkubwa alinitazama kutoka kitandani. Nilingoja aseme. Aligeuza uso akaangalia dirishani, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananilinda au alikuwa amechoka nami. Sitajidanganya kwamba ukweli wangu siku hiyo ungemponya. Uvimbe ulikuwa umeziba njia, na daktari alisema wazi kwamba tumechelewa. Lakini mwezi wa sita huenda tulikuwa hatujachelewa, na mwezi wa sita aliyejua ni mimi peke yangu. Alikufa kabla mvua kubwa hazijaanza. Kwenye mazishi Mama Mkubwa alisimama mbele ya watu, akanishika bega, akasema, "Huyu mtoto ndiye aliyetufundisha kumheshimu mzee wetu siku zake za mwisho. Alimpelekea chakula kwa mikono yake." Watu wakasema asante, ero kamano, na akina mama wakanikumbatia. Nilizipokea zile pongezi zote. Kwa miaka mingi Mama Mkubwa aliwasimulia wageni habari hiyo, na kila aliponiona alinipa kuku au kifuko cha karanga kwa ajili hiyo, na nilichukua. Ndiyo sababu nilipunguza kwenda Suna. Watu walidhani ni kazi.

Sasa Mama Mkubwa naye amelala kando ya mumewe, na hakuna tena wa kumwomba radhi isipokuwa wanawe, na nilianza na Awino. Mchana ule baada ya watoto kutawanyika na simu zao, nilimfuata nyuma ya jikoni alikokuwa akisugua masufuria ya matanga kwa majivu. Nilikaa kwenye jiwe nikamwambia yote, mgeni niliyemtunga, Marwa, ugali kwenye kitambaa cha buluu, neno nililomwambia daktari. Niliongea bila kumtazama. Nilitegemea anitukane, na nilitaka anitukane. Aliendelea kusugua hadi nikamaliza, kisha akaendelea kidogo tena.

"Ukimpelekea," akauliza, "alikuwa anasema nini?"

Sikutaka kujibu hilo. Ndilo jambo pekee nililokuwa nimeliruka. "Nikija kuchukua vyombo alikuwa anauliza," nikasema. "Ukuta ulikuwa mwembamba, alikuwa anawasikia. Alikuwa anauliza, nyathina, leo huko mnacheka nini?"

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Na wewe ulikuwa unamjibu aje?"

"Nilikuwa nasema, hakuna kitu, Baba."

Awino akaweka sufuria chini. Mikono yake ilikuwa nyeusi hadi kwenye kiwiko, na hakuipangusa. "Ilikuwa ni Ouma," akasema. "Alikuwa anatuigizia hadithi za Baba. Ile ya mchungaji, zote. Mama ndiye alikuwa anamwambia aigize, ndio tusikie kama ako na sisi." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na wewe ulikuwa umekaa hapo, dada. Si ungemwambia tu hivyo."